Firimbi ya Mwenyekiti

Mume wangu alikuwa hodari wa kusimulia. Ukimpa kiti na kikombe cha chai, alianza na siku aliyokamatwa pale sokoni Gakindu, spana bado mkononi kwa sababu alikuwa akitengeneza baiskeli ya mtu. Hakumaliza mpaka akufikishe kwenye kambi za kizuizini kule nchi kame, kipande cha reli kikigongwa kama kengele alfajiri na wafungwa wakitoka kuhesabiwa. Hadithi hiyo ndiyo iliyompigia kura. Uhuru ulipokuja, watu wa Mukurweini walimpa udiwani, na madiwani wenzake wakampa uenyekiti wa baraza la wilaya, pamoja na ofisi mjini Nyeri iliyotandikwa zulia. Mimi hadithi ile niliijua neno kwa neno. Akisahau mahali, nilimkumbusha.

Yangu hakuiuliza. Simlaumu sana, maana hata mimi sikuwa na hamu ya kuisema. Yeye akiwa kizuizini, sisi tulivunjiwa nyumba tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na handaki lenyewe tulilichimba sisi wanawake. Waliotusimamia walikuwa homugadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali ya mkoloni. Walituita kwa firimbi. Ikilia, unaacha ulichoshika, unachuchumaa, unaweka mikono kichwani, na huinuki mpaka uambiwe. Mama mkwe wangu alikuwa akichuchumaa kando yangu. Baadaye tulichuma kahawa pamoja miaka na miaka, na neno hilo halikututoka mdomoni. Utaanzia wapi kueleza kwamba ulikaa kama chura mbele ya kijana uliyemwona akinyonya?

Mkubwa wa homugadi wale alifungua duka baada ya uhuru, akanunua lori, akawa mzee wa kanisa. Tuliambiwa tusahau yaliyopita, nasi tukasahau kwa mdomo. Mume wangu alimpa mkono mbele ya watu, na alipoanzisha harambee ya kujenga zahanati akamtia kwenye kamati kwa ajili ya lile lori. Niliponung'unika aliniambia, "Mama watoto, nchi haijengwi na kinyongo." Maneno mazuri. Alikuwa nayo gunia zima.

Kiwanja cha zahanati kilikuwa mteremko mtupu, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuukata ule mlima upate usawa. Siku hiyo walialikwa wakubwa kutoka Nyeri. Mume wangu aliniagiza nivae rinda la buluu nililoshonewa mjini, na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama udongoni kila nikipiga hatua, nikaketishwa na wageni kwenye viti vya kuazima kanisani. Mama mkwe alialikwa kiti pia. Alikataa. Alisema harambee ni jembe, viti ni vya wagonjwa, akashuka kujiunga na wanawake wenzake.

Wanawake walikuwa wamejaa mteremkoni, majembe begani, wakipiga gumzo. Mume wangu aliwaita waanze. Hawakumsikia. Akaita tena, sauti ikamkwama. Hapo mwenye duka akamwinamia, nami nyuma yao nikasikia kila neno.

"Mwenyekiti, hao wamama utamaliza sauti bure. Hao wanaskia firimbi. Niko nayo hapa."

Akaitoa kwenye mfuko wa koti.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mume wangu kengele ya kambini aliijua mpaka mifupani, lakini firimbi kwake ilikuwa kitu cha mpira na michezo ya shule. Aliipokea akicheka. Nilifungua mdomo nimzuie, na kabla neno halijatoka akaipuliza.

Sikuamua. Hilo nataka lieleweke. Nilipojitambua nilikuwa chini mbele ya kiti changu, rinda kwenye matope, mikono kichwani juu ya kitambaa kipya, nikitazama viatu vya wageni. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Mke wa mwenyekiti, na hata kuinuka sikuweza, kwa kuwa hakuna aliyesema tuinuke. Nikageuza macho kuelekea mteremkoni. Majembe yalikuwa yamelala chini. Wanawake wa umri wangu na walionipita wote walikuwa wamechuchumaa, mikono kichwani, kimya. Wasichana waliokuwa kati yao walibaki wamesimama, wakicheka, wakidhani ni mchezo uliotayarishwa kwa wageni. Mgeni mmoja alipiga makofi.

Mume wangu alininong'oneza kwa ukali, "Unafanya nini? Watu wanaangalia." Mwenyewe jasho lilikuwa limemtoka mpaka shingoni.

Ndipo mama mkwe aliposema kutoka kule chini. Kwetu mwana wa pili huchukua jina la baba wa mama yake, na kwa sababu hiyo mama huyu alimwita mwanawe "baba" tangu siku ya kumzaa. Sijawahi kumsikia akimwita vingine. Siku hiyo jua lilikuwa usoni mwake, na nadhani alichokiona huku juu ni mwanamume mwenye firimbi tu.

"Afande," akasema, "tuinuke ama bado?"

Hakuwa akimfanyia mzaha. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Nilimwona mume wangu akielewa. Firimbi ilikuwa bado karibu na midomo, akaishusha polepole, akamtazama mwenye duka, na yule bwana akawa anaangalia kofia yake. Sasa angefanya nini? Akisema tuinuke, yeye ndiye afande. Akinyamaza, mama yake anabaki amechuchumaa kwa magoti yenye baridi yabisi. Mtu aliyekuwa na maneno gunia zima alitafuta moja akalikosa.

"Inukeni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Tuliinuka wote kwa pamoja. Hiyo ndiyo aibu inayonirudia mpaka leo, kupita ile ya kuchuchumaa. Nilimtii. Na wenzangu kule chini waliokota majembe wakalima bila kuinua vichwa, bila wimbo, na kabla ya chakula cha mchana ule mlima ulikuwa umekatwa. Wageni walisifu nidhamu yetu. Mwenye duka alichukua firimbi yake, akaipangusa kwa leso. "Si nilikwambia?" akasema.

Zahanati ilijengwa, ikamletea mume wangu sifa nyingi, na uchaguzi uliofuata alishinda bila jasho. Lakini wageni walipoondoka siku ile hakupanda gari la baraza. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwa mama yake, mimi nimebeba viatu mkononi. Tulimkuta jikoni ananawa miguu. Mwanawe aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona hana pa kuanzia.

"Mama," akasema, "kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa umetoka mbali, baba. Ulikuwa na yako ya kutuambia." Akampa kibuyu cha uji. Alikishika tu, hakunywa. Mama mkwe alimtazama, akaona ana huzuni, akafanya kama mama yeyote: akatafuta kitu cha kumfariji.

"Usijisumbue," akamwambia. "Wewe uko na huruma. Yule alikuwa anatuacha hapo mpaka jua lishuke. Wewe umetuinua mapema."