Viti vya Msiba na Kochi Langu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema hata kuku wetu wamenizidi kutembea, maana wao hufika kwa jirani. Ndiyo sababu chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Lemara, kilinikabidhi viti vya misiba: ukija saa yoyote unanikuta, tena kwenye kochi lilelile. Kidato cha nne changu kimenifikisha hapo, mtunza stoo asiye na mshahara.

Mwaka ule madalali wa mawe walikuwa wakiwindana, makundi mawili, kisa mzigo mmoja wa vito. Watu wakaanza kufunga mageti saa kumi na mbili jioni, nami nikaonekana mwenye busara. Kumbe nilikuwa nafunga saa hiyo tangu nihamie.

Kisha akauawa dalali wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alipigwa risasi mchana na watu wa pikipiki. Ukiuliza, mtaa mzima ulikuwa umelala, hata waliokuwa barabarani. Zikavuma habari kwamba wauaji wanatazama nani atakwenda kumlilia. Mwenyekiti wa chama akanipigia simu: "Kaka, viti visitoke kwanza. Tusubiri hali itulie." Nikasema sawa. Kukaa ndani ni kazi ninayoiweza.

Kesho yake asubuhi mama wa marehemu akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Nimefuata viti."

Nikaanza kumweleza habari za mwenyekiti. Akanikatiza taratibu. "Mwanangu namjua, sikuombi umsafishe. Ila ndugu zangu wanashuka kutoka Rombo mchana kuja kumchukua. Watanikuta na nani? Miaka yote hii mjini, sina jirani hata mmoja?"

Mama huyu alipika kwenye kila msiba wa mtaa wetu. Nikafungua stoo.

Nilibeba vinne vinne, nikipumzika kila nguzo ya umeme. Chama kilipoanza kila nyumba ilichangia viti viwili na kuandika namba yake mgongoni kwa rangi nyeupe, visipotee. Kwa kukwepa jua nikavipanga nje kwa marehemu, vimeipa barabara mgongo. Sikufikiria zaidi ya jua, nakiri.

Mpita njia wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka.

"Nani katoa kiti changu?"

"Kimekuja chenyewe, mimi nimekisindikiza."

Akakitazama, kitupu, namba yake inasomeka hadi barabara kuu, kila apitaye ajue nani hakuja. "Haya, nakaa kidogo. Nakilinda tu." Baada ya muda mkewe akaja na chupa ya chai. Wengine nao wakapita, wakasoma namba zao, wakashindwa kuendelea na safari. Mwenyekiti alifika saa saba, kakunja uso.

"Wewe si mtu wa nyumbani? Nani kakutoa?"

"Mama."

Akamtazama yule mama, akavua kofia. "Sogea basi, nikae."

Ndugu wa Rombo walipofika hapakuwa na pa kukaa. Mama akanijia, macho mekundu lakini kichwa kakiinua. "Baba, stoo hamna vingine?"

Havikuwepo. Nikarudi nyumbani na wanaume watatu, tukabeba kochi langu. Wajomba wa marehemu wakalikalia, mmoja akasema linabonyea upande mmoja. Nilisimama hadi jeneza lilipoondoka. Mke wangu mpaka leo huwasimulia wageni, na hakuna anayemwamini.