Oili Iliyopanda Yenyewe

Saa tano kasorobo asubuhi, gari la mikate linaingia gereji kinyumenyume na kusimama juu ya shimo. Dereva anazima injini. Mama Tone haligusi. Anapindua ndoo, anaikalia, anatazama saa ya mkononi. Anataka dakika kumi kamili, oili yote iteremke chini, ndipo achomoe kijiti cha kupimia.

"Shemeji, unasubiri chai ichemke humo ndani?" dereva anauliza akishuka. Ni mdogo wa mumewe, na utani kati yao hauna likizo.

"Nasubiri ukweli ushuke. Wewe nenda kanawe huo unga."

Dakika kumi zinatimia. Anachomoa kijiti, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena. Kisha anakirudisha mara ya tatu, jambo ambalo mafundi wenzake hawajawahi kumwona akilifanya. Oili imepanda kidole kizima juu ya alama ya mwisho.

Oili ya injini hupungua. Injini iliyotembea miaka tisa, kama hii, huilamba kidogokidogo na kuitoa kwa moshi. Kupanda ni habari nyingine, tena mbaya. Na leo ndiyo siku ya kufunga jaribio la wiki nane alilolipigania kwa mdomo na kwa machozi.

Jaribio lenyewe ni rahisi kusimulia. Mafundi wengi hapa hulitilia gari kuukuu oili nzito. Oili nzito hutuliza kelele, mteja huondoka akitabasamu. Mama Tone, mwenye miaka arobaini na mmoja, alisoma kitabu kidogo cha gari la shemeji yake, kilichokuwa kimelala chini ya kiti kikiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Kiliagiza oili nyepesi. Akataka kuijaribu.

Mwenye gereji alicheka mpaka akashika kiuno. "Hayo si mafuta, ni maji ya kunawa!" Lakini alikubali, kwa sharti. Injini ikionyesha imelika, Mama Tone anatoka shimoni na kurudi kwenye karai.

Karai analijua. Alikaa nalo miaka sita, akiosha kwa dizeli vyuma vya injini zilizokufa. Malipo yake yalikuwa nusu ya anayopata leo, anapolipwa kwa kila gari, magari kumi na manane katika wiki njema. Mikono ilimbabuka hadi akashindwa kusuka nywele za binti yake.

"Wenzangu walianza na wagonjwa, mimi nilianza mochwari," anasema bila kujionea huruma. "Maiti inakwambia kilichoiua, ukiipapasa vizuri."

Vidole vyake ndivyo vilivyomwanzishia maswali. Aligundua kuwa vyuma vya juu ya injini, vile ambavyo oili huvifikia mwisho, mara nyingi ndivyo vilivyokuwa na mikwaruzo mingi zaidi. Akaanza kuwauliza madereva walikuwa wakitumia oili gani. Jibu lilijirudia: nzito, ndugu yangu, nzito kama asali.

"Sasa fikiria asubuhi, injini imepoa," anaeleza, akiinua mkono taratibu kutoka kiunoni hadi kichwani. "Pampu inaisukuma hiyo asali ipande. Inapanda, inapanda... Huku juu chuma kinasuguana na chuma kikavu. Sekunde chache tu, lakini kila siku. Na nguvu ya kuisukuma inatoka wapi? Kwenye tangi la dizeli."

Je, oili ikiwa nyepesi kupita kiasi? Hapo anatingisha kichwa. Utando wake hukatika injini inapopata moto na mzigo, na vyuma hukutana vilevile. "Ndiyo maana sikusema nyepesi yoyote. Nilisema ile iliyoandikwa."

Kwa wiki nane gari limepita njia ileile, maduka thelathini na manne, na kila Jumatatu likajazwa tangi kwenye pampu ileile baada ya tairi kupimwa upepo. Kabla ya hapo, kwa oili nzito, lilikuwa likinywa lita sitini na nne za dizeli kwa wiki. Kwa nyepesi likashuka hadi sitini na mbili, wiki nne mfululizo. Halafu wiki ya tano likapanda hadi sitini na tatu na nusu, likagoma kushuka. Sababu hakuijua. Daftari lake lina alama ya kuuliza kubwa kama yai.

Na sasa oili nayo imepanda.

"Kuna nini?" mwenye gereji anauliza. Amekuja na kikombe chake, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Imezidi."

"Imezidi? Basi dizeli inavuja inaingia kwenye oili. Si nilikwambia? Umemuulia mdogo wa mumeo gari."

Dereva anaacha kufuta mikono. Gari hilo ndilo linalomlisha.

Mama Tone anachovya kijiti, anadondosha tone moja juu ya kadi nyeupe na kuilaza kivulini. Hilo ndilo lililompa jina. Kila gari analolihudumia huacha tone lake kwenye kadi yenye tarehe, na kadi hizo zimejaa ukuta mzima kama picha za harusi. Tone likitulia hujichora lenyewe. Masizi hubaki katikati. Dizeli ikiwamo, hukimbilia pembeni na kuacha duara pana, jepesi. Maji yakiwamo, kingo hukatikakatika, na oili yenyewe hugeuka rangi ya maziwa.

Wanasubiri. Mwenye gereji anamaliza chai.

Kiini cheusi, laini. Duara moja, la kahawia, limekaa sawa. Mama Tone ananusa kijiti, anasugua oili kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Anainama tena juu ya kadi, na uso wake hauna hofu tena. Ni uso wa mtu aliyesikia hodi na anataka kujua nani yuko mlangoni.

"Haijanywa dizeli. Haijanywa maji," anasema polepole. "Na injini haizai oili. Basi kuna mtu." Anageuka. "Shemeji."

"Naam."

"Wiki ya tano ulifanya nini?"

Dereva anatazama viatu vyake. Anatazama gari. Anarudi kwenye viatu.

"Ilikuwa inagonga, shemeji! Asubuhi nikiwasha, tiki tiki tiki, kama mtu anapiga taipu. Nikasema hii inakufa mikononi mwangu. Nikaiongezea nzito kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu lita." Anakuna kisogo. "Na wiki iliyofuata nusu nyingine."

Gereji nzima inaangua kicheko. Mama Tone peke yake hacheki. Amekwishafungua daftari, na kidole chake kimesimama kwenye alama ya kuuliza. Lita moja ya oili nzito, tena juu ya kipimo, na lita moja na nusu ya dizeli ikarudi kuungua kila wiki. "Umeniharibia jaribio," anamwambia, "halafu umenijibu swali. Sijui nikupige au nikushukuru."

Kinabaki kizibo cha kumwagia oili, chini ya injini. Kina sumaku ndogo inayonasa kila chembe ya chuma. Anaingia shimoni, anakifungua, oili inashuka kwenye beseni. Mwenye gereji anapiga magoti ukingoni na kunyoosha mkono. Hiki anataka kukishika mwenyewe. Anakipangusa kwa kidole. Uji wa kijivu, laini kama wanja. Anatafuta kipande, hata kimoja. Hakuna.

"Injini ni nzima," anakiri. "Lakini hujashinda. Jaribio limechafuka."

"Limechafuka," Mama Tone anakubali. "Nipe wiki nane nyingine."

"Anza. Karai litasubiri."

Dereva ndiye anayeweka ngumu. Ile tiki tiki haivumilii, anasema. Inamnyima raha njia nzima. Mama Tone anamuuliza hudumu sekunde ngapi baada ya kuwasha, na kama hurudi baada ya kila duka. Dereva hajui. Hajawahi kuhesabu.

"Basi Jumatatu tunakwenda wote," anaamua mwanamke huyo, akifunga kizibo. "Maduka yote thelathini na manne. Wewe endesha, mimi nahesabu. Miaka kumi na miwili nimezishika injini zikiwa zimelala, shemeji. Nataka kukaa na moja ikiwa kazini."