Mteja Aliyeulizia Hewa

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa mzima na sijagusa pombe. Najua wapo watakaocheka. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka. Lakini mjomba wangu alimwona mteja yule, akaongea naye, akamvutia na kiti. Ukienda kumuuliza leo atakugeuzia maneno, atakuuliza kama unataka feni ya mezani au ya kusimama. Hapo utajua nasema kweli.

Mimi ni mtu wa Kishapu. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki nyumbani na ng'ombe, kisha mjomba akanichukua nimsaidie dukani kwake hapa Geita mjini, mtaa wa Kalangalala. Anauza feni, majokofu na viyoyozi, hasa vile vya vipande viwili, kimoja kinafungwa ukutani ndani na kingine kinakaa nje kikinguruma. Aibu yangu ni ya kuzaliwa nayo. Mteja akiniuliza jambo, naitikia kwa kichwa. Doto, kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka, aliniita Bubu tangu siku ya kwanza, na jina likashika.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kwenda kupima vyumba, kwa maana kiyoyozi hakichaguliwi kwa kupendeza. Ukiweka kidogo kwenye chumba kikubwa, kitanguruma usiku kucha, umeme wa luku utakwisha na wewe bado unatoka jasho. Ukiweka kikubwa kwenye chumba kidogo, kitawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na shuka zitabaki na unyevu. Kwa hiyo nilikuwa napima urefu na upana. Naangalia dirisha kama linatazama jua la jioni, naangalia kama kuna dari au ni bati tupu. Mwisho nauliza wanalala watu wangapi, maana kila mwili wa mtu una joto lake.

Sasa kuna kosa moja ambalo watu wa huku wanalifanya, na si kwa ujinga. Wengi wamechimba dhahabu, au ndugu zao wamechimba. Kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji, walio juu huweka feni kubwa mdomoni pa shimo na mpira mrefu unaopeleka hewa chini kwa wenzao. Basi mtu wa namna hiyo akiingia dukani, akaona ile mashine ya nje ina feni, na mabomba yake yanaingia ndani, anasema hii naijua. Inavuta hewa ya nje inaileta ndani.

Si hivyo. Kiyoyozi cha namna hii hakileti hewa yoyote. Kinachukua ileile iliyomo chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Ile mashine ya nje inatupa joto tu, na yale mabomba yanapitisha gesi yake yenyewe. Mjomba alilijua hilo. Lakini mteja akiuliza kama kitaleta hewa, mjomba alikuwa anasema, "Hewa safi kabisa, kama umekaa Mwanza ziwani!" Na kuna ubaya gani? Si mtu atafungua mlango aende kujisaidia, na hewa itaingia?

Mteja yule alikuja baada ya adhuhuri, siku ya jua kali ambapo hata mbuzi walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wakihema. Alikuwa mtu mzima. Alivaa shati la mikono mirefu, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na buti za mpira. Hakutazama majokofu wala feni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya nje tuliyoiweka ya maonyesho, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya feni yake.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda mlima. "Hii ndiyo... inayokaa juu?"

"Inakaa nje, mzee wangu," mjomba akadakia, akisogeza kiti. "Ya ndani ni hii nyeupe. Chumba chako kina ukubwa gani?"

"Sijui. Tunalala wengi."

"Wengi wangapi? Au mzee umefungua gesti bila kibali?" Mjomba akacheka peke yake.

"Joto ni kali sana," yule mzee akasema. "Na hewa je? Italeta hewa?"

"Utaomba blanketi, mzee! Sharti ni moja tu. Chumba kifungwe. Mlango, dirisha, kila tundu. Ukiacha upenyo, baridi yote inakimbia."

"Tuzibe kila tundu."

"Kila tundu. Huyu mpwa wangu atakuja kukupimia leo hii."

Mzee akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu, yana vumbi kwenye kope. "Ni kweli, mwanangu? Italeta hewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alituelekeza kwake, akaenda. Haikupita hata saa moja mjomba akanituma, akisema mteja wa namna ile usimwache apoe. Doto akanipakia.

"Bubu, leo wewe ndiye mhandisi?" akawa anapiga kelele juu ya ngurumo ya pikipiki. "Ukifika huko utawaambiaje vipimo, kwa ishara?"

Tulipita mahali panaposagwa mawe ya dhahabu, na mbele kidogo njia ikawa mbaya, makorongo matupu. Palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na chapati, jina lake Mama Kulwa. Doto akaegesha hapo. "Nenda kwa miguu, fundi. Mimi nakunywa chai."

Sikutembea sana. Nilimwona yule mzee amesimama mbele ya nyumba ya tofali za udongo, mlango wake mfupi. Akaingia, nami nikainama nikamfuata. Niamini, ilikuwa nyumba. Niligusa fremu ya mlango kwa mkono wangu.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni kwamba sakafu inashuka. Cha pili ni magogo, yamesimamishwa kila baada ya hatua kushikilia dari. Hakukuwa na dirisha hata moja. Mwanga ulitoka kwenye tochi za kichwani, kwa maana walikuwapo watu. Wanaume, wamekaa chini kando ya ukuta, magoti kifuani, buti za mpira miguuni.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu wote pamoja, polepole sana, kama watu wanaogawana pumzi moja.

Nikafanya kazi niliyotumwa. Ungefanya nini wewe? Ningewaulizaje watu wazima kwa nini wamekaa gizani? Nikampa mzee ncha ya futi yangu ya utepe aishikilie pale mlangoni, nikatembea na kibweta chake kuelekea ukuta wa pili. Futi ikaisha kabla sijaufikia. Nikaweka alama ya chaki, nikamwomba mzee asogee. Ikaisha tena. Na kote nilikopita walikuwapo watu, bega kwa bega, wananifuata kwa tochi zao bila kugeuza shingo. Nilianza kuwahesabu kwa ajili ya kipimo, nikaacha.

Nyuma yangu nikasikia kitu kinakwaruza. Nikageuka. Wawili walikuwa wanaziba mlango. Wanashindilia matambara na udongo mbichi kwa viganja, taratibu, kwa uangalifu, kama wanawake wanavyokandika nyumba mpya.

"Tunaziba kila tundu," mzee akasema. "Kama mlivyotuagiza."

Nikarudi mbio. Nilipofika hapakuwa na mlango. Ulikuwa ukuta wa udongo, wa moto, unatoa jasho. Nikaupiga ngumi na haukutoa sauti yoyote. Nikafungua kinywa nimwite Doto, na sauti haikutoka. Umewahi kuvuta pumzi kwa nguvu zako zote na ukahisi hakuna kilichoingia? Kifua kinapanda, mbavu zinauma, na ndani bado ni patupu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

"Haya, fundi," mmoja akasema kutoka kwenye giza. "Chumba umekiona. Mashine itatosha?"

"Mwache kwanza," mwingine akamjibu. "Si unaona bado anapiga hesabu?"

"Hata yule wa juu alisema anapiga hesabu."

Wakacheka kidogo. Kisha wakaacha, kwa sababu kucheka kunakula pumzi.

Mzee akaja akasimama karibu nami, uso kwa uso. "Tuambie, mwanangu. Hewa itaingia?"

Wote wakanigeukia. Ndipo nilipoiona nafasi. Kati ya wanaume wawili pale ukutani, mmoja alikuwa amejisogeza huku na mwingine kule, wakaacha pengo dogo. Lilikuwa na upana wa mabega yangu. Na kichwa changu, jamani, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kushuka chenyewe ili kuitikia, kama kilivyozoea. Nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nikiitikia nitakwenda kukaa pale, na nitakaa nikisubiri pamoja nao.

Nikajishika kidevu kwa mkono. Nikasema, "Haileti."

Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto. Nikasema tena. "Haileti hewa, baba. Inapoza hii hii iliyomo humu. Ikiisha hii, hakuna nyingine inayokuja."

Nilisikia udongo ukidondoka mahali, punje punje. Nilidhani wataniua.

"Sisi tuliambiwa inakuja," mzee akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. "Tukaambiwa tutulie. Tukatulia. Tungeambiwa kweli, tungechimba."

Akaugusa ukuta pale palipokuwa na mlango. "Wewe chimba," akaniambia. "Ukitoka, kawaambie walio juu."

Nikachimba kwa kucha. Sijui kwa muda gani. Udongo ulijaa kinywani, puani, masikioni, na nyuma yangu niliwasikia wakihema kwa pamoja. Ghafla mkono wangu ukatoka kwenye upepo.

Nilijikuta nimepiga magoti juu ya ardhi tupu, jua likinipiga kisogoni, Doto akinitikisa bega. "Bubu! Bubu, unakula udongo?"

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majani makavu na duara la zamani lililokwisha kujaa kifusi, limebonyea katikati kama godoro bovu. Doto aliniambia aliniona toka pale kibandani nikizunguka juu ya kile kifusi nimeinama, peke yangu, kisha nikaanguka nikaanza kufukua kwa mikono. Kikombe chake cha chai hakikuwa kimefika nusu.

Lakini kibweta cha futi kilikuwa mkononi mwangu, na utepe wake ulikuwa umeingia ardhini. Doto akacheka, akaushika ili auvute. Haukutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akikaza miguu. Kisha ule utepe ukavutwa kutoka upande wa pili, kidogo tu, mara moja, kama mtu anavyokuashiria kwamba bado ameshika ncha yake. Doto hajanitania tena tangu siku hiyo. Tuliuacha pale, tukakimbia.

Mama Kulwa ndiye aliyetueleza, huku akininawisha uso. Wapo watu waliofukiwa kwenye duara lile, na hawakutolewa. Kifusi kiliposhuka, ule mpira wa hewa ulibaki na upenyo, sauti zao zikawa zinasikika juu. Walikuwa wanaomba hewa. Feni ilikuwa imeshakufa. Walio juu wakawajibu kupitia mpira, "Tulieni, hewa inakuja." Walisema vile kwa huruma, Mama Kulwa alisema, wasife na hofu. Na wale wakatulia. Kumbe kutoka pale walipokuwa mpaka duara la jirani, ulikuwa udongo laini tu.

"Hata kwa mikono wangetoka," akasema, akamwaga maji.

Tangu hapo sijakaa sawa. Nilirudishwa nyumbani, nikapelekwa hospitali Kolandoto, wakanipima kifua wakaniambia ni kizima, nikarudi dukani. Lakini nikikaa muda mrefu bila kusimulia habari hii, pumzi inaanza kufupika, naanza kuongea kwa vipande. Nikimsimulia mtu, inarudi. Nilimsimulia mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia nikapumzike. Nilimsimulia mchungaji, akaniombea. Nimewasimulia wateja mpaka mjomba akanikataza. Pumzi inarudi, kisha baada ya muda inabana tena, na mimi natafuta mtu mwingine. Mimi niliyekuwa naogopa hata kuagiza soda! Wiki hii imebana kuliko zote, ndiyo maana nimekaa kuandika, nikufikie na wewe nisiyekujua.

Basi na wewe umeambiwa. Siku ukienda kuchagua kiyoyozi, pima chumba chako vizuri, hesabu wanaolala humo, na acha mahali pa hewa kuingia, hata kama baridi kidogo itatoroka. Na mtu yeyote akikuuliza jambo linaloshikilia pumzi yake, awe mgeni, awe mgonjwa, awe mtoto wako, usimwitikie ili atulie. Mwambie kweli angali na nguvu za kuchimba.