Nafasi ya Nekesa

Sisi tuliosoma enzi za uji wa saa nne tunajuana. Mtajie mmoja wetu Sayansikimu, atakusimulia alivyooka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu, ikatoka nyeusi tititi, na mwalimu akaimaliza yote akidai bado anaisahihisha. Mtajie Kilimo, atakuonyesha kovu la jembe. Shule yetu ya Kilutheri pale Kabiria ilitufundisha hayo yote, pamoja na ususi wa vikapu ambavyo mama zetu walivificha wageni wakija. Lakini somo lililotutetemesha halikuwa na mtihani wa taifa. Liliitwa Katekisimu.

Kila Jumatano Mwalimu Odera aliingia darasani bila kitabu. Maswali yote ya imani alikuwa nayo kichwani, na majibu yalitakiwa yawe vichwani mwetu, neno kwa neno. Tulisimama wawili wawili, kama tulivyokaa kwenye madawati, tukajibu kwa pamoja. "Mmoja akisahau, jirani yake amshike mkono," alikuwa akisema.

Mimi nilishikwa mkono miaka yote, jamani. Jirani yangu wa dawati alikuwa Nekesa, binti wa fundi viatu, mwenye sauti nzito kumzidi mwili. Kabla ya kujibu aligonga sakafu kwa kisigino mara mbili, ko, ko, nami nikajua ni wakati wa kufungua mdomo. Kuufungua tu, basi. Sauti ilikuwa yake. Mimi nilichezesha midomo. Kichwa changu kilihifadhi kila kitu, kuanzia nyimbo za redioni hadi umbea wa mtaa mzima, lakini Katekisimu ilimwagika kama maji kwenye chekecheo. Nekesa alijua na hakuwahi kunisema. Alichotaka ni nusu ya mandazi yangu, nusu kubwa.

Tulipofika darasa la nane, hofu ikanipanda. Mwisho wa mwaka tungepata kipaimara, na kabla ya kuwekewa mikono ilibidi tujibu kanisani mbele ya washarika wote. Ukishindwa unarudi mwaka unaofuata kusimama na watoto ambao sasa wako darasa la saba. Mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe. Bibi angekuja kutoka Busia, na macho yake yalikuwa karibu kuzima kabisa. Nilimwambia Nekesa sitaweza.

"Wewe fungua tu mdomo," alinijibu akitafuna. "Mimi niko."

Likizo ya Agosti akaenda kwao Bungoma. Malaria ikampata huko, akazikwa huko huko. Sisi tuliambiwa kwenye paredi, siku ya kwanza ya muhula, tukiwa na sweta zilizofuliwa vizuri.

Shule yetu ilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akifa, nafasi yake haijazwi mpaka mwaka uishe. Mwalimu Odera aliliita jina la Nekesa kwenye rejista, akasubiri kama mtu anayevuta pumzi, kisha akaendelea na linalofuata. Dawatini nilikaa nusu yangu. Nikisimama kujibu, nilitakiwa kusogea kando kidogo, nimwachie mahali pake.

Jumatano ya kwanza swali likafika kwetu. Nasema kwetu, maana ndivyo nilivyolisikia. Nikasimama, nikasogea. Ndipo nikasikia kisigino kikigonga sakafu mara mbili. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikafungua mdomo kwa mazoea, na jibu likatoka lote, safi. Mwalimu Odera akatazama sakafu upande wangu wa kulia, akatazama dirisha, akauliza swali lililofuata. Wasichana wa nyuma yetu walihama dawati siku hiyo hiyo na hakuna aliyewakemea.

Nilijiambia labda ni mimi. Huenda jibu lilikuwa limeniingia bila habari. Nyumbani nikajaribu mbele ya mama akichambua mchele, nikakwama sentensi ya tatu. Nikajaribu tena, nikakwama pale pale.

Siku ya kipaimara Mchungaji alinipa swali lenye jibu refu kuliko yote. Linahesabu kila kitu ambacho mtu hupewa kabla hajaomba, linaanza na mwili na kuishia na jirani. Kanisa likatulia. Ko, ko, kwenye saruji. Nilikuwa nimeweka mkono kooni, nikijifanya narekebisha kola, na naapa koo halikutikisika hata kidogo. Midomo ilicheza. Jibu likapanda mpaka kwenye mabati na kurudi.

Nyumbani, tukila wali na kuku, bibi akaniuliza, "Yule mwenzako aliyejibu nawe ni mtoto wa nani? Ana sauti njema."

"Alisimama peke yake, mama," mama yangu akamwambia.

Bibi aligeuza kipande cha kuku mkononi. "Haya," akasema, akaendelea kula.

Cheti changu cha kipaimara kiko ukutani hadi leo, na kwa miaka mingi nilikiona kama kitu cha wizi. Nikiwa mtu mzima nilikaa chini nikajifunza lile jibu, mstari kwa mstari, lakini sikuthubutu kulisema kwa sauti. Niliogopa kusikia sauti mbili.

Sasa binti yangu Zawadi yuko gredi ya saba, shule ile ile. Siku hizi watoto hawakariri kitu, wanafanya miradi, yaani wazazi ndio wanaofanya miradi. Juzi nilishona sanamu ya kufukuza ndege kwa shati la baba yake, nikapata alama nzuri sana. Mradi uliofuata ulikuwa kumrekodi mzazi akisema jambo alilofundishwa utotoni. Nilikwepa wiki nzima. Jumamosi mchana akaisimamisha simu kwenye kabati, akaniweka mbele ya ukuta.

Nikasema jibu lote. Sikusikia kisigino. Ilikuwa sauti yangu tu, kavu, ikitetemeka kidogo mwishoni. Miaka yote niliomba iwe hivyo, na ilipokuwa hivyo nilimkumbuka Nekesa mpaka kifua kikaniuma.

Zawadi akaicheza video. Sauti moja.

"Iko poa, mum. Lakini mbona umeenda kando hivyo? Nilikuweka katikati kabisa, na simu haijasonga."

Nikatazama. Bega langu la kushoto lilikuwa limekatwa na ukingo wa picha. Upande wangu wa kulia palikuwa na ukuta mtupu, upana wa msichana mmoja. Watoto wa leo hujibu mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Sisi tulifundishwa kusogea.

"Turekodi tena?" akauliza.

Nikamwambia aitume hivyo hivyo.