Mwiko wa Nyumba ya Bandarini

Mwamvita, muuza mchele wa Kasongo, hakujua wivu ni kitu gani mpaka mume wake Mahamudu, baba wa mwanawe Yassine, alipooa mke wa pili kule Kindu. Mwanzoni mume alikuwa akirudi kila mwezi; mwaka huu hata Idi ilimpita hukohuko. Basi Mwamvita akapanda pikipiki, akala vumbi mpaka Kindu, ili ajionee mwenyewe kama bado ana mume.

Nyumba ilikuwa mtaa wa bandari ya zamani, ukingoni mwa Lualaba, kwenye majumba ya wakati wa Wabelgiji. Watu wa mjini huenda huko Jumapili kupiga picha. Mwamvita aliyatazama matao ya matofali, baraza pana, kreni iliyoliwa na kutu, na upepo wa mtoni ukiingia bure hata kwa asiyestahili. Akachukia kila dirisha. Kwake Kasongo bati linachoma tangu asubuhi.

Faridah, mke mdogo, alimpokea kwa magoti, kisha akamkabidhi mwiko kwa mikono miwili. Ndiyo desturi yao: mke mkubwa akiingia, jiko ni lake.

"Karibu, mama mukubwa. Leo jiko iko yako."

Hicho ndicho alichokifuata. "Usimwambie kama nimefika," akasema. Mahamudu akionja sombe yake, majani ya muhogo yenye mawese na karanga kama alivyompikia miaka yote, atakumbuka kwao bila kuambiwa.

Adhuhuri Mahamudu akarudi, akaketi barazani, macho mtoni. Mwamvita akajibanza nyuma ya mlango. Mume akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, akaisogeza sahani.

"Faridah, leo umefanya nini? Mafuta iko mingi sana. Hii iko kama ile ya Kasongo. Usirudilie."

Mwamvita akangoja yule mdogo acheke. Hakucheka.

"Unisamehe, papa. Ni mukono yangu ilikosea."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ya mume. Alikuja kumchukia mwanamke huyu, na sasa hata hilo ananyang'anywa. Nyumba nzuri anayo, mume anaye, na adabu pia anayo.

Akatoka na sufuria, mwiko mkononi, akamjazia Mahamudu sahani mpaka pomoni.

"Kula, papa Yassine," akasema. "Ya Kasongo ingali moto."