Mstari Unaopita Uani Kwetu

Nimefundisha jiografia miaka ishirini na mitatu, na muda huo wote sijakutana na mtu anayependa longitudo. Wanafunzi wangu huzikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha huzisahau kabla hawajafika getini. Siwalaumu. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyezipenda, naye hata hakuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba yetu Butembo, na mimi nilikuwa nasomea ualimu, kwa hiyo nilimtumia kufanyia mazoezi.

Nilimsimamisha uani, uso ukielekea kaskazini, nikamwambia kwamba chini ya miguu yake unapita mstari. Kila mji ulio juu ya mstari huo unapata saa sita ya mchana kwa wakati mmoja, jua likiwa limefika juu kabisa kwa wote. Kisha nilimtaka ataje kila nchi na kila bahari ambayo angekanyaga kama angetembea moja kwa moja bila kukata kona. Alitaja. Msitu wa Ituri, Uele, Sudani, ambayo wakati ule ilikuwa bado nchi moja, jangwa la Misri, Bahari ya Mediterania, Uturuki, Bahari Nyeusi, Rumania, Ukraine, Moldova, Belarusi, Urusi, Ufini, Norwe, kisha barafu. Belarusi peke yake ndiyo aliyoiruka kila mara, mpaka nimkumbushe. Nilimpiga rula kidogo kwenye kiwiko, naye akacheka na kurudia, na akairuka tena.

Baadaye nilipata kazi Goma, nikapata nyumba mtaa wa Keshero, na nikafurahi kuona kwenye atlasi kwamba sikuwa nimeuacha mstari. Butembo na Goma ziko zote kwenye digrii ya ishirini na tisa na kitu kidogo. Mtu akitoka kwetu Keshero akaelekea kusini, anaingia ziwani, anapita kipande cha Rwanda na cha Burundi, anashuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kisha Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini, na baada ya hapo ni maji matupu mpaka barafu ya upande wa pili. Hayo nayajua kama watu wengine wanavyojua rozari.

Mdogo wangu alikua, akawa mfanyabiashara kama nusu ya vijana wa Butembo. Alianza na viatu, akaenda Kampala, akaenda Dubai, na mwishowe akaanza kwenda Istanbul kununua suruali na makoti. Mara ya kwanza alipofika kule alinitumia picha ya ramani ya simu yake, ile nukta ya bluu, na chini yake ameandika: niko kwenye mstari wako, nimeutafuta barabarani sijauona. Nilifungua atlasi. Istanbul kweli iko pale, digrii ishirini na tisa, juu yetu kabisa. Tangu siku hiyo alipokuwa kule alipenda kunipigia saa sita ya mchana. Saa za kule zinatangulia zetu kwa saa moja, basi yeye husema ni saa saba, mimi nasema ni saa sita, tunabishana, kisha nasema serikali hupanga saa lakini jua ni moja. Anajibu, "Sawa, mwalimu." Ubishi huo tuliurudia miaka sita.

Mama alikuja kuishi nami miaka miwili iliyopita, vita vilipokaribia mashamba yake. Alikuja na mfuko mmoja na jembe. Jembe hilo halikumfaa kitu, kwa sababu uani kwetu ni mawe ya volkeno kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na udongo Goma ni kitu cha kununua kwenye lori. Alilisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni na hapo lipo.

Simu ilikuja mwezi wa kwanza mwaka huu. Simu yangu imeharibika pale pa kusikilizia, kwa hiyo ni lazima niweke sauti kubwa ndipo nisikie. Nilikwenda nayo nyuma ya jikoni. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa kwetu anayeishi Istanbul na kuwapokea wafanyabiashara nyumbani kwake. Aliniambia mdogo wangu ameamka asubuhi, ameomba chai, na ameanguka kabla chai haijafika. Moyo. Hospitalini walimfikisha akiwa amekwisha kufa, na siku ile anapiga ilikuwa ya tatu tangu afe.

"Mama mwalimu," alisema, "hapa banataka jibu leo. Bamuzike hapa, ao muko na njia ya kumuleta?"

Nilifikiri njia. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa. Kupita nchi jirani kulitaka makaratasi, na ofisi ya kuyatoa ilikuwa imefungwa pia. Barabara ya kutoka Goma kwenda Butembo, kwenye makaburi ya baba zetu, ilikatwa katikati na watu wenye bunduki. Nilifikiri hayo yote kwa utulivu sana, kana kwamba ni swali la mtihani, na huku nikiwa nimesimama pale nilijikuta nataja kimoyomoyo: Ituri, Uele, Sudani, Misri, Mediterania, Uturuki. Nilipofika Uturuki sikusimama. Niliendelea mpaka barafu. Yule mama alikuwa anasema, "Alo? Alo?"

Nilisema, "Ndiyo. Bamuzike kule."

Kisha niliingia ndani nikamwambia mama kwamba mwanawe amekufa na serikali ya kule imeshamzika. Nilisema ni sheria yao, hawangojei mtu, hawaulizi mtu. Mama alikaa chini pale pale aliposimama. Alilia siku nne. Mimi sikulia. Nilipika, nilipokea watu wa parokia, nilipanga viti, na Jumatatu nilirudi darasani nikafundisha mvua za tropiki. Watu walinisifu kwamba nina nguvu. Nguvu gani? Nilikuwa sisikii kitu, kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu.

Siku za kilio zilipopita, viti vilirudishwa parokiani, lakini mama hakuinuka. Kwetu kilio hakiishi mpaka mzazi ametupa konzi ya udongo juu ya mtoto wake. Akishatupa, anaoga, anabadilisha nguo, anakula na wengine, na godoro linarudi kitandani. Mama hakuwa ametupa. Aliendelea kulala sakafuni, na kwenye sakafu ya Goma baridi inapanda kutoka kwenye mawe. Alikula vijiko vitatu, akiwa peke yake, mgongo ukielekea ukutani. Wiki ya tano alianza kukohoa. Muuguzi wa jirani alikuja akamsikiliza kifua, akaniita pembeni na kuniambia mama akibaki sakafuni hatamaliza msimu wa mvua. Nilimsihi mama. Alinijibu, "Nitatupa udongo wapi? Sijui hata ile upande iko."

Upande! Hilo lilikuwa swali ninaloliweza. Nilichukua mpini wa fagio, nikausimamisha katikati ya mawe uani, nikauzungushia vijiwe usianguke. Nikamleta mama saa sita, kengele ya parokia ilipolia. Kivuli cha mpini kilikuwa kifupi, kimenyooka kuelekea volkeno, kaskazini kwetu. Nilimweleza kama nilivyomweleza mdogo wangu zamani: huu ndio mstari, unapita Butembo kwako, unaendelea, na mwisho wa safari hii, bila kukata kona, ndipo alipo. Saa hii jua liko juu ya kaburi lake kama lilivyo juu yetu. Nilimwambia pia sentensi ambayo nimeiandika ubaoni miaka ishirini na mitatu, kutoka kwenye kitabu changu cha kufundishia kilichoandikwa na Wazungu: saa sita ya mchana, kivuli kinaonyesha kaskazini.

Mama alikitazama kivuli, akanitazama mimi, kisha akakitazama kivuli tena.

Nilidhani atatupa udongo siku ile. Hakutupa. Lakini tangu hapo kengele ikilia alijikokota mpaka kwenye ile fimbo ya fagio, akasali sala ya Malaika wa Bwana, akasimama hapo mpaka kivuli kianze kuinama. Kisha alirudi sakafuni. Nilichoka kungoja. Jambo jingine lilinitia wasiwasi: alianza kunikataza nisioshe viazi. Viazi vya upande wa kwetu bado vinafika sokoni Goma, sijui kwa kuzunguka njia gani, na vinakuja na tope lake. Mama alivichukua kimoja kimoja, akavisugua kwa kidole gumba juu ya kopo tupu la maziwa, taratibu. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anasafisha viazi. Niliona akili yake imeanza kuondoka, na nakiri kwamba hata hilo halikunishtua. Niliwaza tu kwamba itabidi nimtafutie mtu wa kukaa naye.

Kwaresima ilifika. Niliona kivuli kinafupika, lakini nilikiona kama mtu anavyoona kalenda ya mwaka jana. Katikati ya mwezi wa tatu, Jumamosi, sikuwa na kazi, nikatoka uani pamoja na mama kengele ilipolia. Fimbo haikuwa na kivuli. Nilizunguka. Hakikuwepo upande wowote. Jua lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha fimbo kabisa.

Wiki iliyofuata kilirudi, kidogo kama kucha, kikielekea ziwani. Kusini. Nilisimama nikakitazama na damu ikanipanda usoni. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hukaa nusu ya mwaka upande wa kusini na nusu upande wa kaskazini. Jambo hilo nalifundisha pia, kwenye sura nyingine ya kitabu kile kile! Sikuwahi kuzikutanisha sura hizo mbili. Miaka ishirini na mitatu watoto wameniandikia uongo wa miezi sita kwa mwaka, nami nimewapa alama zote. Na sasa nimemwonyesha mama yangu kaburi la mwanawe kwa kitu kinachogeuka.

"Mama," nilisema, "nimekosea. Kivuli kimegeuka. Lakini yeye hajahama, mstari ni ule ule, ni mimi—"

"Minajua kinageuka," alisema mama.

"Ulijua?"

"Mutoto, nimelima miaka makumi tano. Kivuli kikiingia chini ya miguu, tunapanda maharage. Kisha kinageuka. Mulimaji gani hajui?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafundisha," alisema. Hakuwa ananicheka. "Nilikuwa nangoja kigeuke. Kilikuwa kinaenda kwake. Sasa kinatoka kwake, kinakuja huku. Mutu anazikwa akifika."

Aliingia jikoni akatoka na kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na udongo wa viazi, mwekundu, mkavu, labda wa kujaza kikombe cha kahawa. Udongo wa kwetu, uliokusanywa kwa kidole gumba kwa wiki tano. Mama alichota konzi, akaelekeza uso kaskazini, akasema jina la mwanawe lote, lile la ubatizo na lile la kuzaliwa, akatupa. Udongo uliangukia chini ya fimbo, juu ya mawe meusi.

Nilidhani imekwisha. Nilimshika mkono nimrudishe ndani akaoge. Hakutembea. Alininyooshea kopo.

"Na wewe."

"Mimi si mzazi, mama. Ya mzazi inatosha."

"Ile simu yako inasemaka kwa nguvu," alisema. "Nilikuwa jikoni nyuma ya mlango, karibu na jembe langu. Nilisikia mama wa kule anauliza. Nilisikia wewe unajibu. Ni wewe ulimuzika. Hauwezi kuzika mutu bila kutupa udongo."

Nilimtazama. Zaidi ya miezi miwili nilikuwa nimeuchunga ule uongo wa serikali na sheria yake, nao haukuwa umemkinga mama hata siku moja. Alilala sakafuni akiujua. Alikuja kwenye fimbo kila saa sita akiujua, akaniacha nifundishe.

"Unanikasirikia?" niliuliza.

"Nilikukasirikia. Kisha nikafikiri, kama ningekuwa na ile simu mukononi, ningejibu nini?" Alitikisa kopo kidogo. "Tupa, jua linaenda."

Nilitia mkono ndani. Udongo ulikuwa wa vuguvugu kwa sababu kopo lilikuwa limekaa karibu na jiko. Nilielekeza uso kaskazini na mdomo ukaanza wenyewe, kwa sauti safari hii, Ituri, Uele, Sudani, Sudani Kusini, nikakosea mpangilio, nikarudia, jangwa la Misri, Mediterania. Nikafika Uturuki. Hapo nilisimama, nikatupa.

Mama alioga mchana ule. Jioni alikaa mezani, akala viazi, akaomba chumvi. Mimi nilibeba godoro kutoka sakafuni nikalirudisha kitandani kwake. Nilipoinama kutandika shuka niliona mkono wangu bado una wekundu kwenye mistari ya kiganja, na mguu ule niliokuwa nimeukalia tangu mwezi wa kwanza ukaanza kuniuma.