Boma Lililoishia Kwenye Lenta

Nilipohamishiwa Geita kufundisha, sikujua lenta ni nini. Nilikulia Kishapu, katika nyumba ya tope aliyoijenga baba yangu kwa mikono yake, na kwetu nyumba ilikuwa kuta na paa, basi. Dalali alipotuambia ana boma Kalangalala ambalo "limeishia kwenye lenta", mume wangu ndiye aliyenielewesha: ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Ukishafika hapo, zimebaki kozi chache za tofali, halafu unapaua.

"Kazi ngumu imeshafanyika," alisema. "Sisi ni wa kumalizia tu."

Aliyetuuzia alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, aliyejibu kila swali kabla hatujalimaliza. Kiwanja kimepimwa, alisema, akatuonyesha bikoni tatu za mipaka. Ya nne ilikuwa imefukiwa na kifusi. Nilimuuliza kwa nini waliacha kujenga wakiwa wamefika pale.

"Mipango tu, dada. Mume wangu anataka turudi kwao."

Tulizunguka vyumba vyote, tukigawana kabisa nani atalala wapi, na muda wote huo yeye alisimama nje juani. Hakuvuka kizingiti hata mara moja. Niliona, ila nilidhani anaogopa nyoka, maana humo ndani nyasi zilikuwa zimetufika magotini. Wiki iliyofuata tukagongewa muhuri ofisi ya mtaa, na nyumba ikawa yetu.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa Kishapu kama mimi. Kabla ya kushika mwiko alikaa miaka mingi machimboni, na mgongo wake ulikuwa bado umepinda kama wa mtu anayepita mahali penye dari fupi. "Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake. Nikampa shikamoo yake.

Alianza na timazi. Alishusha uzi kwenye kila kona akiutazama kwa jicho moja. Kuta za mbele zilikuwa zimenyooka. Kwenye chumba cha nyuma uzi uliachana na ukuta kwa upana wa kidole.

"Huu umeinama."

"Fundi aliyetangulia alikuwa mlevi," mume wangu akasema, akacheka. Mzee hakucheka.

Kabla ya kumwaga jamvi, yaani ile zege ya sakafu, kifusi kilichojazwa ndani lazima kimwagiwe maji na kushindiliwa. Vyumba vingine maji yalituama, yakazama polepole. Chumba cha nyuma tulimwaga ndoo, kisha ndoo nyingine, kisha pipa zima. Yote yalikwenda, na mwishoni tukasikia mlio kama koo linalomeza. Mzee alipiga magoti akatega sikio chini. Alipoinuka alikuwa na udongo shavuni na hakuufuta.

"Nataka kuchimba hapa niangalie."

"Mwenye nyumba tuliyopanga anataka tuhame mwisho wa mwezi," mume wangu alimjibu. "Mwaga jamvi, mzee wangu. Kama una wasiwasi, weka nondo."

Akaweka nondo. Siku ya kukabidhi kazi alinivuta pembeni. "Mayu, watoto wasilale chumba kile." Nilimwambia mume wangu. Akasema mafundi wote hutafuta namna ya kuitwa tena. Watoto wakalala mbele, sisi tukalala nyuma.

Mvua za kwanza zilileta ufa. Ulianzia kona ya dirisha la chumba chetu ukashuka kuelekea sakafuni, mwembamba kama unywele. Mume wangu aliuziba kwa saruji na kuupaka rangi. Baada ya wiki mbili ulirudi palepale, mpana zaidi. Nikamwita mzee. Alikata vipande vitatu vya kioo, akavigandisha kwa saruji kuvuka ufa, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini.

"Kioo hakijui kuvutika," alisema. "Kikipasuka, ujue ukuta unatembea."

Nilikuwa nikivitazama kabla sijanawa uso. Siku ya tatu cha chini kilikuwa na mstari. Siku ya tano vyote vitatu vilikuwa vimekatika, na mlango wa chumba ulikuwa hauingii tena kwenye fremu. Nikahamishia godoro langu sebuleni. Mume wangu akabaki kule. "Nihame chumbani kwangu kwa sababu ya vioo?"

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani, akabadili nguo, akasema anajinyoosha mpaka chakula kiive. Nilikuwa uani naosha mchele. Binti yetu mdogo akaja.

"Mama, kitanda cha baba kinalia."

Nilikwenda. Kitanda kilikuwa kimya. Sauti ilitoka chini yake, kama mchanga unaomwagika kwenye gunia lililotoboka, na haikukoma.

"Baba watoto, toka humo."

"Niache nilale."

Nilifanya kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu mzima. Nilimshika mguu nikamvuta mpaka akaanguka sakafuni. Aliinuka kwa hasira, akanifuata koridoni ili anieleze vizuri mimi ni nani, na nyuma yake jamvi likashuka. Halikulipuka. Lilikwenda chini taratibu, kitanda kikiwa juu yake, na nondo zikabaki zikining'inia ukutani. Vumbi lililopanda lilikuwa la baridi. Lilinuka udongo ambao haujaona jua. Kisha, baada ya muda mrefu kuliko nilivyotaka, tukasikia kitanda kikifika.

Mume wangu alikaa chini koridoni. 

Mzee alipokuja alimulika tochi, akatuonyesha magogo yaliyopangwa kushikilia kuta za shimo. "Hili ni duara, shimo la wachimba dhahabu," alisema. Dhahabu ikiisha, watu huziba mdomo wa duara kwa magogo, hutupa kifusi juu, nyasi zinaota, viwanja vinakatwa. Magogo yanaoza. "Na halishuki tu wima. Huko chini linatembea kufuata mwamba wenye dhahabu." Alinyoosha mkono kuelekea nyumba za jirani, mteremkoni.

Tukarudi kwenye nyumba ya kupanga. Mume wangu alijaza shimo kwa malori ya kifusi, akamwaga jamvi jipya, akaweka vigae. Nilidhani ana mpango wa kuturudisha. Jumamosi moja nilipita pale nikamkuta na kijana mmoja na mkewe mjamzito. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya chumba cha nyuma, akitabasamu.

"Hiki kitakuwa cha mtoto," alisema.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa amesimama nje ya mlango, vidole vya miguu vikiwa vimeishia kwenye kizingiti, na mimi nikamwona yule dada aliyetuuzia, juani.

"Chini ya hapo kuna duara," nikasema. "Kitanda chetu kimo humo."

Mwanamke alitoka kwa hatua ndogondogo, kama anayevuka mto. Walitushukuru, wakaondoka. Mume wangu alinikasirikia wiki nzima, na sikumlaumu. Kila tulichokuwa nacho kilikuwa kwenye kuta zile.

Miezi michache baadaye niliona lori likishusha tofali mteremkoni, viwanja viwili chini ya chetu, upande uleule alioonyesha mzee. Kijana yuleyule alikuwa akizipokea. Nilimwendea nikamweleza yote, mpaka kuhusu mwamba.

"Mwalimu, tulikushukuru na bado tunakushukuru," alisema. "Hapa tumepiga mtaimbo kila kona. Pagumu."

"Mtaimbo unafika wapi, mwanangu?"

Akaweka tofali chini. "Geita yote imechimbwa. Tukiogopa, tutaishi wapi?"

Walipaua kabla ya mvua, na mtoto akazaliwa, wa kike. Nilimpelekea khanga na sabuni. Mama yake alinikaribisha sebuleni kwa furaha, akaniwekea kiti kizuri chini ya dirisha. Nikamwambia nasikia joto, nikachukua stuli nikakaa mlangoni, na nikampakata mtoto nikiwa hapohapo.